Alama ya Utepe kwenye Boneti

Basi hapana, Kabula, mume wangu hasugui gari pale chini ya dirisha lako ili akuudhi. Ulilisema hilo jioni hii ukiwa umesimama mlangoni na sahani mkononi, ukaingia chumbani kabla sijamaliza kutafuna, na jibu langu likabaki mdomoni. Nimeona niliandike. Tukianza kwa mdomo wewe utasema "sawa mama", mimi nitasema "haya", na kesho utaondoka hivyo hivyo.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wala kuchemsha maji. Akili unazo, na mwenye duka la dawa kule Ushirombo amekupa kazi kwa sababu ameziona. Chumba umekitafuta mwenyewe, godoro limeshafungwa kamba. Lililobaki ni moja tu. Umesema kesho utapanda basi, na huyu mume wangu, hivi ninavyoandika, yuko nje kwenye upepo anang'arisha gari la kukupeleka. Alikusikia. Dirisha lilikuwa wazi. Aliinua kichwa, akakiinamisha tena, akaendelea.

Namwangalia kupitia pazia. Nitakuambia kitu na ukitaka kucheka ucheke: kila nikimwona kwa mbali namna hii, kama mtu asiye wangu, moyo unaniruka. Amevaa lile koti la kijani, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, na mikono ameiacha wazi kwa sababu anasema akivaa glovu haisikii bodi ya gari. Anasugua kwa mizunguko midogo midogo, anapumzika, anazipulizia ngumi zake, anaanza tena. Miaka yote niliyouza mchele sokoni nikiwa mjane sikujua kwamba mwanamke wa umri wangu anaweza kusimama nyuma ya pazia la nyumba yake akimchungulia mume wake wa ndoa. Kumbe anaweza. Nimemchungulia tangu nilipoosha vyombo, na sijachoka.

Sasa nikujibu. Anasimamisha gari pale kwa sababu ni pale tu penye sakafu. Uwanja wetu wote ni vumbi, isipokuwa kile kipande cha saruji alichomwaga marehemu baba yako kwa ajili ya tangi la maji ambalo hatukulinunua. Ukuta wa chumba chako unakinga upepo. Gari likikaa kwingine, vumbi linaingia kwenye kitambaa, na kitambaa kinageuka msasa. Hakuna siri nyingine. Laiti ningekuambia wiki ile ya kwanza, ungekuwa unalala hadi jua litoke.

Na kwa nini lazima iwe alfajiri, wakati hata mbwa wa Mama Doto amejikunja jikoni? Kwa sababu gari ni jeusi. Jua la hapa kwetu Nyasubi, Kahama, likishapanda, boneti inakuwa kikaango, nta inakauka kabla haijasuguliwa na kuacha madoa meupe. Kwa hiyo ni baridi au basi. Leo tu ndiyo ameanza jioni, kwa kuwa kesho mnatakiwa kuondoka mapema. Nimeandika "mnatakiwa". Nimeliona, lakini sitalifuta.

Hapo mwanzo mimi mwenyewe sikujua lolote kuhusu magari. Asubuhi moja ya wiki ile ya kwanza baada ya harusi niliamka kabla yake, nimejaa mapenzi mpaka kooni, nikataka aamke akute gari lake linameta. Lilikuwa limejaa vumbi, kwa sababu yeye hupeleka wanunuzi wa dhahabu machimboni, upande wa Geita, kwenye karasha zinazosaga mawe. Nikachukua kanga, kavu, nikaanza na mlango wa dereva. Nilisugua, Kabula! Nilikuwa naimba. Jua lilipotoka mlango ulikuwa na mikwaruzo ya duara, kama sufuria iliyosuguliwa kwa waya. Vumbi la yale mawe linakata kama kioo.

Alisimama, akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Umetumia maji?"

"Nimetumia kanga."

"Kanga ipi?"

"Ile mpya."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi siyo mbaya. Kuna magari hapa mjini yamekwaruzwa na kanga kuukuu."

Baadaye ndipo akanionyesha: unamwaga maji kwanza, mengi, bila kugusa, unaliacha vumbi lishuke lenyewe. Mkono unakuja mwisho. Nimelifikiria sana jambo hilo siku hizi ninapokuona unafungasha. Unakumbuka nilivyokuambia kwamba naolewa? Ilikuwa sokoni, napima mchele wa mteja, nikakutupia maneno juu ya mizani kama vile nakuagiza mfuko: "Kabula, Mzee Masanja atakuja na wazee wake Jumapili." Ukasema, "Kuja kufanya nini?" Mteja akacheka. Nami nikacheka, kwa aibu na kwa furaha vyote pamoja, na wewe ukabaki umeshika kamba ya gunia. Nilikuwa nimekaa na habari ile kifuani miezi mingi, na kwangu ilikuwa imeshalainika. Kwako ilifika kavu. Nimejifunza hivyo, kwamba jambo ambalo mimi nimelizoea, mwingine hajalizoea bado. Utakutana na watu huko watakaopokea dawa mkononi mwako na habari mbaya pamoja nayo. Unaweza kulikumbuka hili au usilikumbuke.

Nirudi kwenye gari, maana humo ndimo ugomvi ulimo, ingawa hakuna aliyegombana.

Siku ya harusi yangu baridi ilikuwa ile ya mwezi wa sita yenyewe, upepo unatoka nyikani na kupita ndani ya sweta. Masanja alilileta gari gizagiza ili upande wetu ulipambe, kama ilivyo kawaida, na kazi hiyo ukapewa wewe. Mimi nilikuwa ndani nasukwa nywele. Yeye ndiye aliyenisimulia baadaye. Anasema ulikuwa na tepe nyeupe na solotepu nyembamba, ukabandika, ikatoka. Ukabandika, ikatoka, kwa sababu bodi ilikuwa na umande na baridi kama chuma cha kisima. Ukawa unapulizia pumzi yako kwenye chuma, unafuta kwa mkono wa sweta, unabandika haraka kabla hakijapoa. Ikatoka tena. Ndipo ukaingia stoo ukachukua ile solotepu pana ya kahawia tunayofungia maboksi. Ikashika. Yeye alikuwa amesimama langoni, anataka kusaidia na anaogopa. Akasogea hatua, ukamwambia bila kugeuka, "Mzee, kaa huko huko, utachafua shati."

Anasema hayo ndiyo maneno mengi zaidi uliyowahi kumwambia. Ameyahifadhi. Mara nyingine akiwa anakunywa chai anayasema peke yake, "utachafua shati," anatabasamu.

Zile tepe mbili ulizibandika kwa urefu wote kuanzia kwenye kona za kioo, zikakutana mbele katikati ya taa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilipotoka nje na gauni langu na kuliona gari, nilisahau wimbo waliokuwa wanauimba. Na hapo ndipo kosa langu lilipoanza, maana nilikataa zisitolewe.

Kila mtu hutoa mapambo siku ya pili. Mimi nilisema hapana. Nilitaka wote wanione. Tulikwenda sokoni na tepe. Tulikwenda Kishapu kwa mama mkwe na tepe, yule bibi akazishika kwa vidole kama anapima pamba. Masanja alikwenda machimboni na tepe, wachimbaji wakamzonga:

"Bwana harusi! Bibi harusi yuko wapi, kwenye buti?"

"Yuko nyumbani anapika."

"Kwa hiyo hizi tepe ni za nani, za hawa wanunuzi?"

Alirudi ananisimulia huku amejishika mbavu, na nikamuuliza kama anaona haya. Akasema, "Nione haya ya nini, nimeoa." Kabula, mimi ni mtu mzima niliyesoma hadi kidato cha nne, najua tofauti ya neno tamu na neno la kweli. Hilo lilikuwa yote mawili. Ningemruhusuje atoe utepe baada ya hapo?

Kwa hiyo gundi ilikaa. Mchana jua liliipika, alfajiri baridi ikaikaza, na vumbi la karasha likaingia pembeni mwake. Siku alipokuja wifi Minza, dada yake Masanja, ndipo tulipozitoa, na rangi ikatoka nazo. Si yote, ile ngozi ya juu inayong'aa tu. Zikabaki njia mbili zilizofifia, zinakutana mbele kama miguu ya ndege.

Wewe ulikuwa unakuja na sinia la chai. Minza akasema, kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe, "Aliyepamba gari hili hakuipenda hii harusi!"

Uliweka sinia chini, kwenye vumbi. Ukaingia ndani. Hukusikia yaliyofuata, na mimi sikukufuata kukueleza. Nilikuwa naona haya kusema mbele ya wifi kwamba mimi, mama mzima, ndiye niliyezuia tepe zisitolewe kama mtoto anayekataa kuvua viatu vya sikukuu. Nikanyamaza. Nilidhani yatapita. Kumbe ulikuwa umeingia chumbani na mashtaka, na kila alfajiri ukisikia kitambaa kinapita kwenye boneti ukaamini anafuta kosa lako.

Yaliyofuata ni haya. Masanja alikuwa ameinama na utepe mkononi. Akainuka. Unamjua, si mtu wa maneno. Akamwambia dada yake, "Minza, wewe siku ile ulifika saa ya pilau. Aliyesimama na baridi hapa, vidole vimekufa ganzi, ni huyu mtoto. Na alikuwa anampambia mtu asiyemtaka. Mtu akikufanyia hivyo, ungemtafutia kosa?"

Minza akasema, "Makubwa! Nimetania tu."

"Basi katanie kwako."

Minza akanywa chai iliyobaki kwenye birika bila sukari, maana sukari ilikuwa kwenye lile sinia, imeshaingia vumbi.

Nilitakiwa niingie chumbani mwako dakika ile ile nikuambie. Sikuingia. Nilibaki nimesimama pale namtazama mume wangu, nafikiria jinsi nilivyobahatika. Furaha inanifanya hivyo, nachelewa. Nimeona pia kwamba watu wawili wakifurahi sana ndani ya nyumba, wa tatu anasikia mlango umefungwa hata kama uko wazi. Lile kopo la nta, kwa mfano. Nta kwenye baridi inakuwa ngumu kama sabuni ya zamani, ndiyo maana yeye huliweka kwapani ndani ya koti, anatembea nalo kama mtu aliyevunjika mkono, mpaka ilainike. Mimi nikaona mume wangu anateseka, nikalisogeza kwenye jiko la mkaa na mfuniko umekazwa. Ulisikia mlio wake. Mfuniko uliruka mpaka kwenye bati.

Mama Doto akapiga kelele kutoka kwake, "Mama Kabula, mmeanza kulipua mawe humo ndani?"

Masanja akaja mbio. "Umeungua?"

"Sijaungua."

"Nta iko wapi?"

"Iko juu."

Tukatazama juu wote wawili, nta inadondoka kutoka kwenye bati, tukacheka mpaka nikakaa chini. Wewe ulifungua dirisha, ukatuona, ukafunga. Nilikuona. Nilikuwa bado nacheka. Siku hiyo pia ningeweza kukuita, na chai ilikuwepo.

Sasa jambo ninalotaka ulijue kuliko yote. Asubuhi moja ya wiki iliyopita nilimpelekea uji pale kwenye saruji. Alikuwa anazipitia zile njia mbili kwa kidole chenye nta, polepole, kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Nikamwambia, "Mume wangu, si umpe yule fundi rangi apige boneti upya? Unasugua kila siku na haitoki."

Akanishangaa. "Nani kakwambia nataka itoke?"

Nikamsogezea bakuli.

"Pale pamebaki pembamba," akasema. "Nisipopaka, jua na vumbi vitapala, kutu iingie, alama iondoke na boneti yote. Napaka ikae." Akanywa uji, akafuta mdomo kwa kiganja. "Fundi alishaniambia atapiga rangi kwa siku moja. Nikamwambia aache. Huyu mtoto akirudi nyumbani akute boneti mpya, atajua tumefuta mkono wake."

Ndiyo maana ya ule mlio wa kitambaa kila alfajiri, Kabula. Nimekaa na maneno hayo wiki nzima, nayarudia sokoni wateja wakiniuliza bei. Nilitaka yeye akuambie. Yeye anasema akikuambia itaonekana anajitetea. Wewe hutaki kumuuliza. Mnafanana ninyi wawili, mnashangaza. Ningedhani mmezaliwa nyumba moja.

Sikuombi umwite baba. Baba yako alikuwa mmoja na anajulikana, na hata saruji anayosimama juu yake Masanja ni ya baba yako. Yeye anajua hivyo. Aliniuliza nani alimwaga sakafu nzuri namna ile, nikamwambia, na tangu siku hiyo anaifagia kabla ya kuweka gari juu yake. Nilidhani kumtaja marehemu kutaleta kivuli ndani ya ndoa, nikawa nameza jina lake. Hapo nako nilikosea. Hakuna kivuli kilichokuja. Kilichokuja ni ufagio.

Sikuombi pia upande gari. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako na utaisoma kabla hatujanywa chai, halafu utaamua. Ukitaka basi, nenda na basi. Nitakusindikiza stendi, Masanja atabeba godoro, na hakuna atakayenuna. Nimemwambia, naye amesema gari lililong'arishwa halipotezi kitu likikaa nyumbani. Lakini usipande basi kwa sababu ya ile alama. Panda kwa sababu unapenda basi. Kama ni alama, sasa unajua ni ya nani, ni ya mama yako aliyependa hadi akachelewa kutoa mapambo.

Na kama utapanda gari, kaa mbele. Hatazungumza sana. Karibu na Ushirombo ataanza kukuuliza kuhusu dawa za mgongo, na atasema anamuulizia rafiki. Si rafiki, ni yeye.

Amemaliza sasa. Amezima taa ya kibarazani na amefunika boneti kwa lile shuka kuukuu ili umande usitue juu ya nta. Kesho alfajiri atalifunua na kupitisha kitambaa mara ya mwisho, nawe utausikia ule mlio. Safari hii ukiusikia, ukipenda, fungua dirisha. Ukifungua tu, mimi nitaelewa, na yeye ataelewa, na hatutakuambia lolote.

Vyovyote utakavyokwenda, mwezi huu ndio kwanza umeanza, na kabla haujaisha tutakuja, mimi na yeye. Utalijua gari kwa mbali kabla hujatuona sisi. Litakuwa limejaa vumbi la njiani, kwa hiyo uwe na ndoo ya maji tayari. Mwaga kwanza, usiguse. Likishakauka, kitambaa kitakuwa kwenye koti lake, na nta nitakuwa nayo mimi kwapani tangu Kahama, imelainika, nikupe wewe upake.

Mama yako